Chaji iishie 80 tu

Wenye laptopu za ThinkPad za Lenovo, fungueni programu ya Lenovo Vantage mweke kikomo cha chaji asilimia 80. Laptopu yangu inashinda kwenye umeme kutwa nzima, na betri ya lithiamu ikikaa imejaa 100 huku inachemka, ndiyo inakufa mapema. Na joto la Dar mnalijua! Kitandani siiweki kabisa, godoro linaziba matundu ya feni.

Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili la ripoti litakalotengenezwa, utaona betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa umebaki kiasi gani. Laptopu yangu ni ya mtumba lakini umeme ukikatika namaliza kikao bila presha. Yale mambo ya "imalize mpaka izime ndo uchaji" yalikuwa ya betri za zamani za nikeli, jamani.