Vikao vitano vya kuongea, na karai langu la mahamri

Baada ya talaka nilirudi kwa mamangu Likoni na watoto wawili, na kama miezi minne hivi sikuwa mie. Saa tisa usiku niko macho, simu ikilia moyo wenda mbio, biashara ya mahamri nikaiwacha kabisa, karai likakaa chini ya meza na mafuta yake mpaka yakanuka. Mamangu alinipeleka kisomo na wallahi nilitulia, lakini usingizi bado.

Mhudumu wa afya wa mtaani kwetu ndie alonambia kuna tiba ya mazungumzo, vikao vitano, wiki mara moja, saa moja na nusu. Nikamuuliza, dadangu, vikao vitano vitafanya nini na mie nna mambo ya miaka tisa? Akasema njoo tu. Baadae nikaja kusoma kuwa ni mbinu ya Shirika la Afya Duniani, na ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake zaidi ya 500, wengi wao walopitia dhuluma, matokeo yakatoka 2017, na walowahudumia walikuwa wahudumu wa jamii walofunzwa, si madaktari. Wale wanawake walipata nafuu.

Kitu cha kwanza yule mhudumu wetu aliniuliza waziwazi kama nawaza kujiua, kwa sababu ingekuwa hivyo hicho si kitu cha kungojea vikao, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kisha akanifunza kupumua kwa tumbo polepole, mkono juu ya kitovu. Nikawa nafanya kwenye feri pale watu wamebanana, hakuna anaejua.

Kikao cha pili ndo kilinifungua macho. Nilimwaga yote, maneno ya mawifi, ada ya skuli, pesa, kuachwa kwenyewe, akaniambia tuyatenge: yapi tunaweza kuyafanyia kitu, yapi hatuwezi, yapi si muhimu. Midomo ya mawifi siwezi kuifunga. Ada naweza kwenda kuongea na mwalimu mkuu nilipe kidogo kidogo, na nilienda, mguu watetemeka, akakubali.

Cha tatu ni kuanza kufanya hata kama moyo hautaki, lakini kwa vipande. Hakuniambia rudi biashara. Aliniambia jumatatu osha karai, basi. Nililisugua kwa jivu na kumvi mpaka mikono ikauma, na usiku ule nililala hadi alfajiri. Alhamisi nikakanda nusu kilo ya unga.

Cha nne nikamtafuta shoga yangu niliekuwa namkimbia kwa aibu, akaja na mbaazi zake tukala.

Kikao cha mwisho akanambia, haya, fikiria kuna mwanamke amekaa hapa, ameachwa, halali usiku, biashara imekufa, ungemwambia nini? Nikanyamaza sana, nikalia kidogo, kisha nikamwambia, ningeanza kwa kumuuliza karai lake liko wapi.