Rojo jeupe na masika ya Dar

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Dar es Salaam, masika yamechachamaa. Nilikabidhiwa mafungu mawili ya rojo la msindano, yaani nyuzi za mti za kutengenezea karatasi, lililopikwa kwa soda kali na salfidi. Moja lilikuwa la kahawia kama mfuko wa saruji, la pili limeshapaushwa. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwa mionzi ya infraredi ni lipi limebaki na lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti.

Kwa maneno ni kazi nyepesi. Rojo miligramu 2, bromidi ya potasiamu, aina ya chumvi, miligramu 200, unasaga katika kinu cha akiki kidogo kama kikombe cha kahawa, kisha unabana kwa jeki hadi upate kidonge kinachopitisha mwanga. Mionzi ikipita humo, kila kifungo cha kemikali kinanyonya fungu lake na mchoro unaacha bonde. Taabu ni kwenye kusaga. Nyuzi hazivunjiki, zinajisokota kama pamba. Rojo jeupe nililisaga karibu nusu saa, dirisha wazi, mvua inanyesha.

Mchoro ulipotoka, bonde lilikuwa limezama pale 1640, kwa kipimo cha mawimbi katika sentimita moja. La rojo jeupe ndilo lililozama zaidi. Nilikuwa nimesoma kwamba lignini huonekana karibu na 1600. Nikaona hapa na pale si mbali. Nikaandika kwamba kupausha kumeongeza lignini, wala sikushtuka, ingawa kupausha ni kuiondoa.

Mzee wa maabara, fundi sanifu aliyekuwa karibu kustaafu, alisoma daftari langu akiwa amesimama.

"Binti, umeandika vizuri. Sasa kayanywe."

"Nikanywe nini, Mzee?"

"Hayo maji uliyoyapima."

Selulosi, ndiyo nyuzi zenyewe, hupenda maji, na bromidi nayo huyavuta kutoka hewani. Bonde la 1640 lilikuwa la maji hayo. Nikatia vyote kwenye oveni, nyuzi joto 105, usiku kucha. Usiku huohuo umeme ukakatika. Nikarudia kesho yake, safari hii nikasaga haraka, madirisha yamefungwa, jasho linanitoka.

Bonde la 1640 likapungua, ingawa halikwisha. Mzee akaweka ukucha kwenye 1510, mahali pengine pa lignini, mbali na maji. Rojo la kahawia lilikuwa na kijibonde pale, chembamba, ningekipita bila kukiona. Jeupe lilikuwa tambarare. Lignini yote niliyoitafuta wiki nzima ilikuwa kile kijibonde.

Kisha, kwa udadisi wangu tu, nikapima unga wa mbao mbichi ya msindano. Karibu na 1740 likatokea bonde ambalo rojo halikuwa nalo: asetili, vipande vidogo vilivyoshikamana na hemiselulosi, ndugu ya selulosi, ambavyo soda huving'oa wakati wa kupika. Hilo sikuwa nimetumwa, na ndilo nililolionea fahari zaidi.

Kidonge kimoja kilichotoka safi kama kioo nilikificha kwenye kopo la kalamu, nikawaonyeshe wenzangu hosteli. Nilipofungua kilikuwa kimepauka, cheupe kama chaki.