Kufuga silki Nairobi: manyoya makavu kwanza, kamera baadaye

Anayetaka picha nzuri ya silki, ile mbegu ya kuku wenye manyoya laini kama sufi, aanzie bandani. Unyoya wa kuku wa kawaida una vindoano vidogo sana vinavyoshikanisha nyuzi zake, na maji yakidondoka juu yake huteleza. Unyoya wa silki hauna vindoano hivyo. Kila uzi unasimama peke yake, ndiyo maana kuku huyu anaonekana kama amevikwa sufi, na ndiyo maana mvua ya Aprili ikimkuta uwanjani humpenya hadi kwenye ile ngozi yake nyeusi kwa muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo hiyo hawezi kuruka. Karibu kila uamuzi wa kumfuga hapa Nairobi unatoka kwenye manyoya hayo.

Kwa kuku 6, banda la futi 4 kwa 6 linatosha kulala, mradi mchana wapate uwanja. Inua sakafu futi moja na nusu kutoka chini, na mabati ya paa yapite ukuta kwa sentimita 45 hivi. Upepo wa hapa mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo ziba ukuta wa mashariki kwa mbao na uache wa magharibi uwe wavu. Wavu uwe wa matundu ya nusu inchi. Ule wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, lakini haumzuii panya wala nguchiro asiingie. Uwanja nao ufunikwe juu, maana mwewe wa Nairobi hawaogopi watu na silki hawaoni wakija: kishungi kimemziba macho. Walio karibu na msitu, kama Karen au pembezoni mwa Karura, wasimamishe miguu ya banda ndani ya mikebe yenye oili chafu. Koo anayeatamia hatoki kwenye mayai hata siafu wakimvamia.

Mbao ya kulalia iwe mbili kwa mbili, kingo zimepigwa randa, sentimita 20 hadi 30 tu kutoka sakafuni. Tandika maranda inchi 3 au 4. Usitumie unga wa mbao, kwani huingia machoni na ukilowa unagandamana kwenye manyoya ya miguu. Na karai la maji liondoke. Ndevu zikilowa kila anapokunywa, chakula hunata hapo, kinachacha, na uso unabaki na rangi ya kahawia ambayo kuosha hakuimalizi. Weka kinyweo cha chuchu, kile kinachodondosha maji kuku anapogonga pini kwa mdomo.

Chakula hakina mambo mengi: cha vifaranga hadi wiki ya 8, cha kukuzia baada ya hapo, na cha kutagia pale tu mayai yanapoanza, ambayo kwa silki huchelewa hadi miezi 7 au zaidi. Kumpa tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, chakula cha kutagia mapema kunaharibu figo kwa sababu ya wingi wa kalsiamu. Vifaranga wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza nyuzi 3 kila wiki. Usiku wa Julai usiharakishe kuzima taa. Anayetumia jiko la makaa stima ikipotea aache njia ya hewa juu, la sivyo moshi usioonekana utawamaliza wote kabla ya asubuhi.

Kuhusu magonjwa nitasema mawili. Silki huelemewa upesi na ugonjwa wa Marek, ule wa virusi unaopoozesha kuku, na chanjo yake hutolewa siku kifaranga anapoanguliwa, kwa hiyo muulize anayekuuzia kabla ya kulipa. Kideri (Newcastle) nacho kina chanjo inayotengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya Kenya ya chanjo za mifugo, na chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, hivyo ni vyema majirani mkachanja siku moja. Ile ya tone la jicho ndiyo bora kwa kuku wachache. Ukichanja kwa maji, usitumie ya mfereji moja kwa moja: klorini inaua chanjo.

Shingo ikipinda, tulia kwanza uangalie. Silki wengi wenye kishungi kikubwa wana fuvu lililoinuka, na mfupa hapo juu unaweza kuwa na tundu, kwa hiyo hata kudonolewa na mwenzake kunatosha kumpinda. Kuku mmoja tu, choo cha kawaida, anapumua vizuri: mtenge mahali pa giza kidogo, mlishe kwa mkono, mpe vitamini E, na uwe tayari kusubiri wiki kadhaa. Kuku wawili au watatu kwa pamoja, choo cha kijani, anakoroma: hicho huenda ni kideri, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa kuosha. Udongo mwekundu wa Kikuyu na Karen unatia rangi, ule mweusi wa Embakasi unaganda, na kuku mweupe anaonyesha vyote viwili. Osha siku mbili au tatu kabla ya picha, si siku yenyewe, ili manyoya yapate kufumuka tena. Chagua asubuhi yenye jua. Andaa karai tatu za maji vuguvugu: la kwanza na shampuu ya watoto kidogo, la pili na vijiko 2 vya siki kwa lita 5 kuondoa sabuni, la tatu maji matupu. Mzamishe hadi shingoni, kichwa kifutwe kwa kitambaa tu. Pitisha vidole kuelekea mkiani bila kusugua, kwa sababu ukisugua nyuzi hukatika. Mfunge kwa taulo, kisha draya ya nywele kwa moto mdogo, ukiipitisha huku na huku hadi manyoya ya tumboni yakauke hadi kwenye ngozi. Hapo ndipo wengi huacha mapema, na kuku anayelala na tumbo bichi anaamka mgonjwa.

Kwa mwanga, jua la saa sita hapa liko utosini. Kishungi kinatupa kivuli na uso mweusi unapotea kabisa. Piga kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu. Julai na Agosti mawingu yakitanda unaweza kupiga siku nzima, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo miezi bora. Epuka chini ya neti ya kijani ya kivuli, kwani inampaka kuku mweupe ukijani ambao hautoki vizuri hata kwa programu. Mgeuze atazame anga wazi ili jicho lipate nuru, na kadi nyeupe ya manila ukiiweka chini mbele yake itainua uso.

Nyuma tundika shuka la rangi moja iliyokolea. Kwenye soko la mitumba la Gikomba yamejaa. Liwe mita moja na nusu kutoka kwa kuku. Mweke juu ya meza iliyofunikwa, wewe uchutame hadi lenzi ifike usawa wa jicho lake. Msaidizi amweke chini na kuondoa mikono: kuku karibu kila mara hujikung'uta, na sekunde mbili baada ya hapo manyoya yamekaa yote. Piga mfululizo, shata 1/500, tundu la lenzi f/5.6 ili jicho na kishungi vyote vionekane.

Kwenye simu, zima modi ya potreti. Inanyoa ncha za manyoya na kumwacha kuku amekatwa kwa makasi. Gusa jicho, kisha rekebisha mwanga mwenyewe. Kuku mweupe mbele ya shuka jeusi huungua, kwa hiyo punguza kidogo, lakini akijaza fremu nzima simu humfanya wa kijivu, hapo ongeza. Kuku mweusi ni kinyume chake: akijaza fremu punguza, akiwa mbele ya anga ongeza.

Picha ya kumwonyesha mnunuzi ipigwe robo tatu ya ubavu, yaani kati ya mbele na ubavuni, ndewe ya buluu ionekane, na nyingine ya mguu peke yake. Silki ana vidole 5, na anayeijua mbegu hii atavihesabu kabla ya kuuliza bei.