Jinsi Miche Yangu ya Roshani Ilivyoacha Kuanguka

Majira ya machipuko yalipoingia nilipanda nyanya, letasi na rehani kwenye vyungu vya roshani. Mbegu zikaota kwa fujo. Siku chache baadaye nikakuta nusu ya miche imelala, mashina yamenyauka pale yanapokutana na udongo. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji! Ndiyo kwanza nikaimaliza.

Kumbe ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea wanaostawi kwenye udongo wa baridi uliolowa. Vyungu vyangu vilikuwa na tundu moja tu, tena vimekaa ndani ya sahani za maji. Nilimwaga udongo wote, nikaviosha kwa sabuni, nikaongeza matundu, nikajaza mchanganyiko mpya mwepesi.

Safari hii mbegu zilikuwa chache, zimeachana sentimita 3 hivi. Za nyanya nilizifukia nusu sentimita. Za letasi nilizifunika kiduchu, maana mwanga huzisaidia kuota. Maji naweka sahanini asubuhi, baada ya nusu saa namwaga yanayobaki. Rehani, deko lile, inasubiri ndani hadi usiku uzidi nyuzi 10.

Hadi sasa umeanguka mche mmoja, na huo niliukanyaga mwenyewe.