Soketi yangu imefufuka

Jamani, leo nina furaha! Ile soketi ya Wi-Fi niliyonunua kwa ajili ya taa ya uani, ikafa siku mtengenezaji alipozima seva zake (kompyuta za mbali zilizopitisha amri za kuiwasha), inafanya kazi tena. Yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Niliichomoa ukutani kwanza (tafadhali, usiguse ndani yake ikiwa kwenye umeme, volti 230 zinaua), nikaifungua na kukuta chipu ya ESP8266, ile ndogo ya Wi-Fi inayoiendesha. Nikalehemu waya nne: volti 3.3, ardhi (GND, upande hasi wa saketi), TX ya kutuma data na RX ya kupokea, kisha nikaziunganisha na kompyuta kupitia adapta ya USB. Pini ya chipu iitwayo GPIO0 lazima iguse ardhi hiyo chipu inapowaka, la sivyo haipokei programu mpya. Nikaweka Tasmota, programu huria ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha. Sasa amri hazitoki nje ya nyumba, hata intaneti ikikatika taa inawaka.

Kinachoniuma ni kwamba kifaa nilikilipia, kumbe ufunguo ulibaki kwa mwenye seva. Anayefunga huduma angetuachia walau mchoro wa saketi.

Jioni hii mama ameona uani kweupe, akaniita nje kwa vigelegele.