Swali la Pangani

“Sasa shangazi, huko Pangani palikuwa na nini?” Tangu Jumapili maneno hayo hayajanitoka. Mtoto wa kaka aliyauliza kwa adabu kabisa, sahani ya pilau ikiwa mapajani, hapa kwetu Tandika, aliposikia kwamba Mama anataka kupelekwa kwao. Posa ya Rehema imejibiwa wiki hii na ofisini tumetangaziwa kuhamia Dodoma, lakini mimi nimekuwa nikilijibu swali hilo jikoni, kwenye daladala na hata kitandani.

Nilimwambia kwamba Pangani ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim mwezi Desemba 1889, baada ya kuwaongoza watu wa pwani kupigana nao, na kwamba mkonge wa nchi hii ulianzia Kikogwe, jirani na hapo, mwaka 1893, ilipopandwa miche 62 iliyosalimika katika safari ndefu kutoka Florida. Alinisikiliza hadi mwisho. “Hayo tumeyasoma, shangazi. Nyinyi wenyewe mlikuwa mkifanya nini?” Yaliniuma kwa sababu hakuwa na ubaya wowote, kwake mji ule ulikuwa boma lenye milango ya nakshi, basi.

Aliyejibu ni Mama, ambaye mnajua siku hizi anavyopenda kunyamaza. “Tulikuwa tunafua nazi,” alisema kutoka mkekani, akaanza kusimulia jinsi kifuo kilivyochimbiwa ardhini, jinsi mbata zilivyoanikwa na kuanuliwa mbio wingu likitanda, na jinsi watu walivyongoja kivuko cha kwenda Bweni, mto ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara, mizigo imetuliwa, huku habari za misiba na za posa zikipita kinywa hadi kinywa, hata asiyekuwa na safari akaja kusikiliza tu. Kijana aliweka simu chini. Mama akamshika mikono yote miwili, akamkandamizia nazi isiyokuwapo juu ya kifuo kisichokuwapo, akaizungusha. “Siyo hivyo, mume wangu. Nguvu itoke begani, kiganja kisikaribie ncha.” Walirudia mpaka akaridhika, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka vile.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba kila asubuhi Mama anauliza tunaondoka lini, na miguu yake imeanza tena kuvimba.