Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Baiskeli wa Chikongola

Saa 12 na nusu asubuhi ndipo ninapofungua kibanda changu cha ufundi hapa Chikongola, Mtwara, na kabla sijamaliza kuning'iniza matairi ya zamani ambayo ndiyo kibao changu cha tangazo, huwa tayari kuna mtu amesimama ameshika usukani. Jana walikuwa wawili: mwanafunzi ambaye tairi lake lilichomwa na mwiba, na mchuuzi wa samaki ambaye gurudumu lake la nyuma hubeba tenga zito kuliko yeye mwenyewe. Viraka vitatu, upepo, shilingi chache mfukoni. Kazi hiyo ndiyo inayonilipia chakula cha mchana, na ndiyo iliyotupatia mafundi jina la "watu wa pancha", jina ambalo silikatai ila huniudhi kidogo, kwa kuwa kazi iliyokuwa ikinisubiri jana ilitaka vipimo vya milimita, hesabu ya meno na subira.

Saa 2 nikaishusha fremu kutoka msumarini. Wiki iliyopita mzee mmoja mkulima wa korosho, mkazi wa upande wa Naliendele, aliniletea baiskeli ya mlima ya mtumba, ya ringi za inchi 26, aliyomnunulia mpwa wake. (Huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa, kwa hiyo hata breki zake ni shauri la mjomba.) Ilikuwa na gia 21, lakini mchanga wa njia za mashambani ulikwisha kukitafuna kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, kikapinda, kikaingia kwenye spoku mara mbili. Mzee alitaka nitoe gia zote, ibaki moja tu kama baiskeli yake ya ujana, lakini iweze kupanda mlima. Kabla sijakubali niliigusa fremu kwa sumaku, ikanasa. Fremu ya chuma ikivunjika, hata mchomeleaji wa kijijini ataiunga, ilhali ya alumini hudai mtambo wa gesi na mkono uliozoea.

Wengi hudhani kuondoa gia ni kufungua na kutupa. Mbele kulikuwa na sproketi tatu, yaani sahani za meno zinazoshika cheni. Nikabakiza ya kati, yenye meno 32, na bolti zake zikawa ndefu mno kwa sahani moja, nikazijazia washa, vile vibati vya duara vyenye tundu. Nyuma nikafungua ule msonge wa sproketi saba na kufunga friwili moja ya meno 18, yaani sproketi inayoliacha gurudumu lizunguke hata pedali zikitulia. Kwa hesabu hiyo, mzunguko mmoja wa pedali huipeleka baiskeli karibu mita 3.7, ningefunga friwili ya meno 16 ingekwenda zaidi ya mita 4, jambo tamu kwenye lami na chungu kwenye mchanga. Kisha ndipo balaa lenyewe linapoanza, kwani friwili moja ni nyembamba kuliko saba, na cheni isiponyooka kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma itaruka. Nikahamisha washa za ekseli, ule mhimili wa gurudumu, kutoka kulia kwenda kushoto, nikairudisha ringi katikati ya fremu kwa kulegeza spoku za upande mmoja na kukaza za upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko, spoku 36. Faida yake ni kwamba sasa pande zote mbili zinavuta kwa nguvu zinazokaribiana, na gurudumu la namna hiyo ni imara kuliko lile lililotoka kiwandani. Gololi nikazibadilisha, tisa kila upande, nikapaka grisi mpya.

Saa 5 mzee akafika na mpwa wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaizunguka baiskeli mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mwanangu, hapa umetoa nini na nini?"

Nikamtajia: sproketi mbili za mbele, saba za nyuma, kidude cha kuhamishia cheni, kamba mbili, vishikio viwili vya kwenye usukani.

"Kwa hiyo umeipunguza."

"Ndiyo, mzee wangu, kama ulivyoniagiza."

"Sasa kitu kimepungua, bei inaongezekaje? Mtu akikupunguzia mchele kwenye kilo, utamwongeza fedha?"

Mafundi wenzangu wa kibanda cha jirani wakaacha kazi ili wasikilize. Nikamweleza habari ya friwili mpya, cheni mpya iliyo pana, gololi na saa tatu za kuivuta ringi. Akasema saa ni zangu, hakuniagiza niwe mzito. Nikamwambia kwamba baiskeli za mlima zenyewe zilianza hivi hivi: miaka ya 1970, vijana wa Marin County huko California, Marekani, walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli kuukuu za chuma zenye gia moja, ambazo breki yake ilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, na ilipata moto hata grisi ikaungua, ikabidi waipakie upya kila baada ya mteremko, mteremko wao mmoja ukaitwa Repack, yaani "pakia upya", kwa sababu hiyo. Nilidhani nimemmaliza.

"Hao Wamarekani walikuwa wanashuka," akajibu. "Mpwa wangu anapanda."

Majirani wakacheka, nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nimechoka naye. Tulivutana mpaka adhuhuri kwa ajili ya shilingi 10,000, na mwishowe akakubali kulipa yote kwa sharti kwamba nimfundishe kijana kuipandisha mlima, nami nimshuhudie akifika juu. Chakula changu cha mchana kilikuwa mihogo niliyoila nimesimama.

Mnamo saa 9 tukaondoka kuelekea Mikindani, kilomita kama 10, kijana juu ya baiskeli mpya nami juu ya yangu. Kwenye tambarare akalalamika kwamba miguu inazunguka bure, nikamwambia azungushe haraka kisha apumzike, aiache iteleze. Kilima cha nyuma ya Boma, ile ngome ya zamani ya Wajerumani, ndicho kilichotupima. Mara ya kwanza alikaa kitako akisubiri ugumu uje, na ulipokuja, kidole gumba chake kikawa kinapapasa usukani kutafuta kishikio cha gia kisichokuwepo. Akasimama, akaanguka polepole kama gunia. Nikamweleza kwamba baiskeli ya gia moja hupandishwa kabla ya mlima: unauona kwa mbali, unachukua kasi, unasimama juu ya pedali kabla kasi haijafa, na mguu wa kulia ukikanyaga, mkono wa kulia unavuta usukani. Usiinamie mbele mno, maana gurudumu la nyuma likikosa uzito litachimba mchanga.

Mara ya pili alifika nusu. Mara ya tatu alisimama vizuri, akavuta usukani vizuri, na hapo nikasikia mlio ambao fundi hapendi kuusikia: tairi likisugua fremu upande wa kushoto, kisha cheni ikadondoka. Nguvu zake ziliivuta ekseli ya upande wa kulia kwenda mbele. Kosa lilikuwa langu. Niliacha rangi nzito pale nati zinapokaza, na rangi huteleza. Nilikuwa na spana tu mfukoni; nikaivuta nyuma, nikakaza kwa uzito wa mwili wote, ikashika hatua ishirini, ikateleza tena. Jua, jasho, kijana ananitazama kwa adabu inayoumiza kuliko matusi. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoanza kurudi huku tukisukuma sehemu kubwa ya njia.

Giza lilikuwa limeingia nilipoikwangua ile rangi kwa tupa mpaka chuma kikang'aa, nikaweka washa zenye meno, na kila upande nikafunga kijibolti cha kuvutia cheni nilichokichonga kutoka kwenye kifaa kikuukuu cha pikipiki. Cheni ikabaki na mlegeo wa kama sentimita moja, si zaidi. Kijana akaipanda barabarani akiwa amesimama wima, akakanyaga kwa nguvu zake zote huku mimi nimeishika siti kumzuia, na ekseli haikusogea. Mjomba hakuwepo kushuhudia mlima, kwa hiyo tumekubaliana Jumamosi.

Nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni ya unga, grisi ikigoma kutoka kwenye kucha, simu ilipoita. Alikuwa mzee.

"Mwanangu, zile gia ulizozitoa, umeziweka wapi? Usizitupe. Hizo ni zangu."

Nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni, zinaning'inia kwenye msumari ule ule ilipokuwa fremu.